Nani Ampishe Nani? Nahau za Kiingereza za Kumwachia Mwingine Njia

Kiingereza kina nahau nyingi za kusogea ili mwingine apite, akae, aseme au atawale. "Make way", "give way", "step aside", "after you", "take a back seat", "stand down", "pass the baton": zote husikika kila siku barabarani, mlangoni, ofisini na kwenye taarifa ya habari. Msomaji wa Kiswahili huzikuta zimefasiriwa kwa vitenzi vichache tu, kama kupisha, kukaa kando, kujiuzulu na kung'atuka, na katika kufasiriwa huko hupotea swali lenye uzito kuliko yote: ni nani aliyeamua kwamba huyu asogee? Kiingereza chenyewe mara nyingi hulificha. Nahau hizi zina sura ya adabu, lakini ndani ya karibu kila moja mna hukumu iliyokwisha kutolewa kuhusu mwenye haki ya kutangulia, na aliyeitoa hatajwi.

Kongwe miongoni mwao ni za njiani. "Make way" ilikuwa sauti ya watumishi waliotembea mbele ya mkubwa wakiwaondoa watu barabarani. Anayeisema siye anayesogea. Ni amri inayotoka upande wa anayepita. Siku hizi haipigwi kelele sana, lakini imebaki hai magazetini kwa muundo mmoja unaofaa kusomwa kwa makini. Nyumba za zamani, huandikwa, zilibomolewa "to make way for" barabara mpya, uwanja wa michezo au jengo la maduka. Kwa sarufi hiyo nyumba ndizo zilizopisha, kana kwamba zilisimama na kuondoka zenyewe. Aliyetia saini hati ya kubomoa hayumo katika sentensi, wala wapangaji waliolala nje usiku ule. Mwandishi anayeifasiri kwa Kiswahili ana nafasi ya kurudisha watu hao mahali pao, na anapaswa kuitumia.

"Gangway!" ni sauti nyingine ya kuombea njia, ila haki yake hutokana na mzigo, si cheo. Huitwa na mtu aliyebeba kitu kizito au cha moto, asiyeweza kusimama wala kukwepa. Hapo Kiingereza kinakaribiana sana na "simile" ya mahamali wa Unguja wanaposukuma mikokoteni katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Anayesikia husogea bila kujiona amedharauliwa.

"Give way" imeelekea upande wa pili: hapa mtendaji ni yule anayepisha. Ni nahau yenye maana pana, nayo huwatega wanaojifunza Kiingereza. Daraja "gave way" likikatika, mtu "gave way" akikubali hoja baada ya ubishi mrefu, huzuni "gave way" kwa furaha ikiisha na furaha kuingia. Kwa wapiga makasia wa jeshi la majini la Uingereza, "give way" ni amri ya kuanza kuvuta kasia, jambo lisilohusiana kabisa na kumpisha yeyote. Maana inayomfikia kila mtu, hata asiyesoma kitabu, ni ile ya barabarani.

Kibao cha pembetatu iliyogeuzwa, ncha chini, huandikwa "Give Way" nchini Uingereza na "Yield" nchini Marekani. Kile cha Marekani kilianzia Tulsa, Oklahoma, mwaka 1950, kwa kazi ya askari wa mji huo, Clinton Riggs. Kabla yake dereva aliyefika njia panda alikuwa ama na kibao cha kumtaka asimame kabisa ama hana kibao chochote, na magari mawili yakigongana ilikuwa vigumu kusema nani mkosaji. Kibao kipya kilileta daraja la kati: huna lazima ya kusimama, lakini ukigonga, kosa ni lako. Huko ndiko kupisha kulikobadilika kutoka hisani kuwa wajibu unaoweza kumfikisha mtu mahakamani.

Waingereza walipata funzo kama hilo kwenye mizunguko ya barabara. Kwa miaka mingi haikuwekwa kanuni moja ya nani aingie kwanza, na saa za msongamano magari yalijazana ndani ya mzunguko hadi hakuna aliyeweza kutoka. Mwaka 1966 ikawekwa kanuni ya kumpisha anayetoka kulia, aliyekwisha kuingia, na mizunguko ikafunguka. Kanuni hiyo ndiyo inayofuatwa Kenya, Uganda na Tanzania, ambako magari hupita kushoto. Watanzania huuita mzunguko huo kiplefti, jina lililotokana na maneno ya Kiingereza ya kumwelekeza dereva apite upande wa kushoto.

Kanuni za barabarani za Uingereza, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kwa jina la Highway Code, zina kauli inayostahili kujulikana na kila anayetumia maneno "right of way". Zinasema kwamba hazimpi mtu haki ya kupita katika hali yoyote ile. Zinaeleza tu wakati wa kumpisha mwingine. Kwa maneno mengine, wajibu wa kupisha upo, lakini haki ya kupishwa haipo. Dereva anayemgonga mtu huku akidai njia ilikuwa yake hana pa kujificha ndani ya kanuni hizo. Januari 2022 zilikwenda mbele zaidi: zilipanga watumiaji wa barabara kwa daraja, anayeweza kuleta madhara makubwa akabebeshwa wajibu mkubwa, na dereva anayekata kona akatakiwa ampishe hata mtembea kwa miguu ambaye bado anasubiri ukingoni. Kwa muda mrefu barabara ziliongozwa na yule wa "make way", mwenye nguvu akitaka njia. Kanuni ya 2022 imempa kipaumbele anayeweza kuumia zaidi, na hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana katika kijitabu cha madereva.

Baharini jambo hili limeandikwa kwa uwazi ambao nahau za nchi kavu hazina. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana, za mwaka 1972, huvipa vyombo viwili vinavyokutana majina mawili: kimoja ni "give-way vessel", kingine ni "stand-on vessel". Vyombo viwili vya injini vikikatishana njia, kinachomwona mwenzake upande wake wa kulia ndicho kinachopisha. Chombo cha injini kwa kawaida humpisha mwenye tanga. Anayepisha ametakiwa afanye hivyo mapema, kwa mgeuko mkubwa unaoonekana, ili mwenziwe asibaki akikisia. Kisha kuna sharti ambalo watu wa barabarani wangefaidika nalo: anayepishwa naye ana kazi. Ni lazima ashike mwelekeo na mwendo wake, kwa sababu akianza naye kukwepa kwa upole, vyombo viwili vyenye nia njema vitagongana. Na vyombo vikikaribiana kiasi kwamba mwenzake peke yake hawezi tena kuzuia kugongana, haruhusiwi kung'ang'ania haki yake hadi mwisho. Lazima naye achukue hatua. Kutoka baharini pia kumekuja "give a wide berth", yaani kumwachia mtu au jambo nafasi kubwa. Neno hilo "berth" lilikuwa nafasi ya maji ambayo chombo kilihitaji ili kigeuke bila kugusa kingine. Leo nahau hiyo haina heshima ndani yake: anayekupitia mbali hivyo huenda anakuogopa au hakupendi.

Mlangoni Waingereza husema "after you", na kwa mzaha wa watu wanaojuana, "age before beauty". "After you" haina umri, ukoo wala jinsia ndani yake. Mkurugenzi na mfagizi huambiwa maneno yale yale. Mswahili hutaja mtu: tangulia mzee, pita shangazi. Kwa hiyo anayefasiri mazungumzo ya mlangoni kutoka Kiingereza hana budi kujua ni nani waliosimama pale, la sivyo fasiri itasikika kama ya mgeni. "Ladies first" ndiyo pekee inayotaja kundi, na kutoka kwake kuna njia fupi hadi kwenye amri ya kupisha iliyogharimu maisha mengi: "women and children first".

Mfano wake wa kale unaokumbukwa sana ni meli ya jeshi ya Birkenhead, iliyogonga mwamba karibu na Danger Point, Afrika Kusini, tarehe 26 Februari 1852. Meli ilikuwa na watu zaidi ya 600. Mashua zilikuwa chache, wanawake na watoto wakapakiwa katika moja na kuokoka wote, na wanajeshi wakabaki wamesimama kwa safu juu ya meli iliyokuwa ikivunjika, kwa sababu kuikimbilia mashua kungeizamisha. Waliookoka kwa jumla hawakufika 200. Hapo kupisha kulikuwa amri ya kijeshi, na waliotii walikuwa vijana ambao wengi wao hawakuwa na muda mrefu jeshini.

Miaka 60 baadaye, Titanic ilionyesha jinsi maneno yale yale machache yanavyoweza kusikika kwa namna mbili. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912, ofisa Charles Lightoller, aliyesimamia mashua za ubavu wa kushoto, alielewa agizo kuwa ni wanawake na watoto tu. Pale walipokosekana wanawake karibu, aliteremsha mashua zikiwa na nafasi tupu huku wanaume wakitazama. Ubavu wa kulia, ofisa William Murdoch alielewa kuwa wanawake na watoto ndio wa kwanza. Nafasi ikibaki, wanaume waingie. Mwanamume aliyeangukia ubavu wa kulia alikuwa na tumaini kubwa zaidi la kuishi, bila kosa wala sifa yake mwenyewe. Kwa jumla takriban robo tatu ya wanawake waliokoka, na wanaume takriban mmoja katika kila watano. Lakini daraja la tiketi nalo lilisema neno: wanawake wa daraja la kwanza waliokoka karibu wote, wa daraja la tatu chini ya nusu. "Women" katika agizo lile hawakuwa wanawake wote kwa kiasi kimoja.

Sifa za Birkenhead na Titanic zimewafanya wengi waamini kwamba hiyo ndiyo desturi ya bahari. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Mikael Elinder na Oscar Erixson, walichunguza ajali 18 za meli na kutoa matokeo yao mwaka 2012. Katika nyingi, wanawake waliokoka kwa kiwango cha chini kuliko wanaume, na mabaharia na manahodha waliokoka zaidi ya abiria. Nafuu ya wanawake ilionekana pale nahodha alipotoa agizo waziwazi. Nahau peke yake haikumwokoa mtu. Aliyeokoa ni mtu mwenye mamlaka aliyeitamka na kuisimamia.

Katika treni za chini ya ardhi za London, kupisha kumekuwa desturi ya kimya. Kwenye ngazi za umeme anayesimama hukaa kulia ili mwenye haraka apite kushoto. Anayesahau huambiwa "sorry", neno ambalo mahali hapo haliombi radhi hata kidogo. Maana yake ni "sogea". Mwishoni mwa 2015 kituo cha Holborn kilijaribu kuwataka abiria wasimame pande zote mbili, na katika saa za msongamano ngazi zikapitisha watu wengi zaidi, kwa kuwa ni wachache wanaotaka kupanda kwa miguu ngazi ndefu kama zile. Abiria wengi walikasirishwa na jaribio hilo hata hivyo. Waliona haki ya mwenye haraka ni kubwa kuliko muda wa wote waliopanga foleni chini. Mwaka 2017 mji huohuo ulianza kutoa beji za kuombea kiti kwa wenye maradhi au ulemavu usioonekana. Kumwambia mtu kwa mdomo kwamba unahitaji kiti chake ni vigumu kwa Mwingereza, na beji humsemea.

Viti vimezaa "take a back seat", yaani kukubali kutokuwa mbele katika jambo. Huko kazini husikika kama sifa: meneja mwenye hekima "takes a back seat" ili vijana wajifunze. Husemwa pia juu ya mambo: wakati wa vita, elimu "takes a back seat". Nahau hiyo ilikuwapo Marekani tangu karne ya 19, kwa hiyo haikutokana na mabasi yaliyotenga viti kwa rangi. Hata hivyo mbele ya historia ya mabasi haiwezi kusomwa kijuujuu. Tarehe 1 Desemba 1955 mjini Montgomery, Alabama, Rosa Parks alikuwa ameketi katika safu za kati, si katika viti vya mbele vilivyotengwa kwa Wazungu. Safu za mbele zilipojaa, dereva aliwataka Weusi wanne wa safu ya Parks wanyanyuke ili Mzungu mmoja akae. Watatu walinyanyuka, yeye alikataa, akakamatwa. Machi mwaka huohuo msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa amekataa vilevile mjini humo. Mgomo wa mabasi uliofuata kukamatwa kwa Parks ulidumu siku 381, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaondoa ubaguzi katika mabasi hayo mwaka 1956. Kilichodaiwa kwa Parks kiliitwa kupisha. Ndiyo maana Mmarekani Mweusi anaweza kuisikia nahau hii kwa sikio tofauti na la mwenzake wa ofisini, na mwandishi anayeitumia juu ya watu waliowahi kulazimishwa kukaa nyuma hana budi kufikiri kwanza.

"Play second fiddle" haina mzigo kama huo. Imetoka kwenye okestra za Ulaya, ambako fidla za pili hupiga sehemu yao chini ya zile za kwanza, na maana yake ni kuwa chini ya mwingine, aghalabu kwa kinyongo. Kwa msikilizaji wa taarabu picha yake haieleweki mara moja, kwa kuwa fidla za vikundi vikubwa vya Unguja kwa kawaida hupiga lahani moja kwa pamoja.

Uwanja unaohitaji uangalifu kuliko wote ni wa vyeo. "Step down" ni kuacha cheo moja kwa moja. "Step aside", kwa matumizi ya siasa za Kenya, ni kukaa kando kwa muda huku uchunguzi ukiendelea, na mlango wa kurudi ukiwa wazi. Oktoba 2010 Waziri wa Mambo ya Nje, Moses Wetang'ula, alikaa kando wakati ununuzi wa jengo la ubalozi Tokyo ukichunguzwa, akarudi wizarani mwaka uliofuata. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia Bunge na kuwataka waliotajwa katika orodha ya tume ya kupambana na ufisadi wakae kando. Mawaziri watano walifanya hivyo. Kabla ya mwaka kwisha vyeo vyao vilikuwa vimepewa wengine, na wawili kati yao walirudi katika nafasi za juu serikalini mwaka 2022. Pembeni ya maneno hayo ya kisiasa kuna sheria ya mwaka 2003 ya kupambana na ufisadi, isiyotumia nahau: mtumishi wa umma akishtakiwa kwa ufisadi husimamishwa kazi na kulipwa nusu mshahara. Gazeti linapoandika kwamba waziri "amejiuzulu" wakati amekaa kando tu, limemfukuza kazi mtu ambaye bado anashikilia cheo. Na linapoandika "amekaa kando" juu ya mtu aliyesimamishwa kisheria, limempa hiari ambayo hakuwa nayo.

Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi na kuifanya nahau hiyo kuwa kanuni. Mkutano mkuu wa chama cha ANC wa mwaka 2017 uliazimia kwamba mwanachama aliyeshtakiwa kwa makosa makubwa ajitoe katika kazi za chama, na kanuni hiyo ikaitwa "step-aside rule". Mei 2021 katibu mkuu, Ace Magashule, alikataa kukaa kando kwa hiari, naye akasimamishwa. Mtu akikataa hiari akasimamishwa, ni wazi kwamba haikuwa hiari tangu mwanzo.

Kwa "step down" Kiswahili kina kung'atuka, neno la Kizanaki alilolieneza Mwalimu Julius Nyerere alipoacha urais mwaka 1985. Lina kitu ambacho Kiingereza hakina: heshima ya mtu anayeondoka mwenyewe, wakati wake, bila kusukumwa. Kwa sababu hiyo halifai kwa kila anayeacha cheo, na magazeti yanayolitumia kwa waziri aliyetimuliwa yanaliharibu. Inafaa pia kukumbukwa kwamba Mwalimu alibaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990.

"Pass the torch" na "pass the baton" hudai kwamba anayeondoka anamkabidhi mwingine. Katika mbio za kupokezana za mita 100 mara nne, kijiti hukabidhiwa ndani ya eneo la mita 30, na anayetoa hukimbia kwa kasi hadi mkono wa mwenzake ushike. Akipunguza mwendo mapema, wote wawili hushindwa. Joe Biden alipotangaza Julai 2024 kwamba hagombei tena urais, katika barua yake alitumia "stand down", na siku tatu baadaye katika hotuba yake akazungumzia kupokeza mwenge kwa kizazi kipya. Maneno ya kwanza yanasema ameacha, ya pili yanasema amekabidhi, na wachambuzi waliobishana juu ya uamuzi wake walikuwa kwa kweli wakibishana ni lipi kati ya hayo mawili lililotokea.

"Stand down" yenyewe hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Uingereza, mbunge anayeamua kutogombea tena "stands down", na zaidi ya 100 walifanya hivyo kabla ya uchaguzi wa 2024. Mahakamani shahidi aliyemaliza kutoa ushahidi huambiwa hivyo ili ashuke kizimbani. Jeshini ni kuondolewa katika hali ya tahadhari. Katika mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia askari walisubiri amri hiyo kila alfajiri baada ya kusimama tayari na bunduki. Australia ina maana nyingine, na inayouma: kwa sheria ya kazi ya mwaka 2009, mwajiri anaweza "stand down" wafanyakazi, yaani kuwaacha nyumbani bila mshahara pale kazi inaposimama kwa sababu asizoweza kuzizuia. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka, shirika la ndege la Qantas lilifanya hivyo kwa wafanyakazi wapatao 20,000. Hawakuwa wamefukuzwa, hawakuwa wamejiuzulu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amempisha mtu. Kwa Kiswahili ni kusimamishwa kazi bila malipo.